Uzee wa Makamanda Walioshindwa
Mhadhara wa umma, Masasi



Nimeombwa nizungumzie vita vya 1914 hadi 1918 katika eneo letu. Vita vyenyewe vimeandikwa sana, na wengi wenu mmevisoma shuleni. Kwa hiyo naomba nivipite haraka, nizungumzie jambo ambalo huachwa kando: makamanda walioshindwa wakabaki hai. Waliishije baada ya hapo? Nani aliwalisha, nani aliwazika, na hadithi yao ilisimuliwa na nani?

Nianze na mtu wa hapahapa. Huko Luagala, upande wa Tandahimba ya leo, alitawala Machemba, mkubwa wa Wayao aliyekataa kumsujudia Mjerumani. Mwaka 1890 kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alimwita aje pwani atoe utii. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili, kwa adabu na bila woga, kwamba haoni sababu ya kumtii mgeni. Kwa karibu miaka kumi aliwasumbua, hadi 1899 walipomzidi nguvu. Akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji pamoja na watu wake. Barua yake tunayo kwa sababu aliyeandikiwa aliitunza. Habari za uzee wake hakuna aliyeziweka katika kitabu.

Machemba alikuwa na bahati kuliko wenzake. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa mwaka 1895, Kinjikitile huko Mohoro mwaka 1905, na Songea Mbano mwaka 1906. Mjerumani hakuwapa makamanda walioshindwa nafasi ya kuzeeka. Shikeni hilo, maana miaka 18 baada ya Machemba, kamanda mwingine alivuka mto uleule akiwa amebanwa vilevile, na yeye alipewa uzee mrefu sana.

Huyo ni Paul von Lettow-Vorbeck. Kabla hajafika Dar es Salaam Januari 1914, alikuwa amekwishapigana China, na alikuwa msaidizi wa Jenerali von Trotha huko Namibia wakati Waherero wakiangamizwa. Oktoba 1917, Mahiwa, aliwapiga Waingereza vibaya: walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa, katika siku nne. Lakini ushindi ule ulimmalizia risasi. Akarudi nyuma, Ndanda ikachukuliwa, Chiwata ikachukuliwa, akapanda Uwanda wa Makonde. Wenyeji mnaujua uwanda ule: juu hakuna maji, na kuyafuata ni kuteremka genge na kupanda tena na mtungi kichwani. Jeshi la maelfu haliwezi kukaa pale wiki mbili.

Nambindinga, katikati ya Novemba, aliwachambua watu wake. Risasi zilitosha bunduki za watu wapatao 2,000 tu. Waliobaki, wagonjwa na wazima, aliwaacha watekwe. Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma kule Ngomano. Kapteni Tafel, aliyekuwa akija kujiunga naye kutoka Mahenge na kikosi kikubwa, walipishana naye njiani bila kujuana. Siku chache baadaye njaa ilimlazimisha Tafel kusalimu amri. Na wiki hiyohiyo puto kubwa la angani, L59, lilikuwa limeruka kutoka Yambol, Bulgaria, likiwa na tani kama 15 za risasi na dawa kuja kutua juu ya uwanda huu. Liliitwa lirudi lilipokuwa limeshapita usawa wa Khartoum. Nimewahi kufikiri wazee wa Newala wangesema nini wangeliona likitokea juu ya Shimo la Mungu.

Tuje kwenye maisha ya baadaye. Lettow alisalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Machi 1919 alipita juu ya farasi chini ya Lango la Brandenburg, Berlin, watu wakimshangilia. Nchi iliyoshindwa kila mahali ilikuwa imepata mtu mmoja wa kusema hakushindwa. Mwaka uleule aliongoza wanajeshi kuzima ghasia za wananchi Hamburg. Machi 1920 aliunga mkono jaribio la kupindua serikali, likashindikana, akaondolewa jeshini. Mwaka huohuo akatoa vitabu viwili, kimoja cha kumbukumbu zake za Afrika Mashariki, kingine cha vijana kiitwacho Heia Safari! Vijana wa Kijerumani walikua nacho. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikaa bungeni.

Wenzake hawakulala. Gavana Heinrich Schnee, aliyegombana naye tangu siku ya kwanza kwa sababu hakutaka miji ya pwani iingizwe vitani, aliandika mwaka 1924 kitabu kizima cha kukanusha kwamba Wajerumani walikuwa wakoloni wabaya. Akawa mbunge, akaongoza Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, na mwaka 1933 akaingia bungeni kwa tiketi ya chama cha Hitler. Alikufa kwa ajali ya barabarani Berlin mwaka 1949. Max Looff, nahodha wa manowari Königsberg iliyozama Rufiji, ndiye aliyewatimua Wareno katika boma la Newala Novemba 1916. Naye aliandika vitabu, akafa mwaka 1954.

Mtaona wote walishika kalamu. Jambo hili si la Wajerumani peke yao, na hapa naomba niwapeleke Marekani kwa muda mfupi. Mwaka 1865 majimbo ya Kusini, yaliyopigana ili utumwa ubaki, yalishindwa. Majenerali wao wengi walibaki hai na wachache sana waliadhibiwa. Robert E. Lee alipewa chuo akiongoze. Wengine walikwenda kutafuta riziki hata Afrika: William Loring alimtumikia Khedivu wa Misri, na mwaka 1876 alikuwa mnadhimu wa jeshi la Misri lililopigwa na Mfalme Yohannes wa Nne wa Ethiopia huko Gura. Lakini wa kutazama hasa ni wawili. Jubal Early alikimbilia Mexico na Kanada, akarudi, akatumia miaka yake yote iliyobaki kuandika na kuhutubia kwamba Kusini ilishindwa kwa wingi wa watu tu na kwamba kisa hakikuwa utumwa. James Longstreet, ambaye vitani alikuwa mkubwa kuliko Early, alikubali matokeo, akajiunga na chama cha washindi, na mwaka 1874 akasimama New Orleans akiongoza polisi na wanamgambo, wengi wao weusi, dhidi ya wazungu wenye silaha. Early na wenzake hawakumsamehe. Wakamtwika lawama ya kushindwa kwenye mapigano ya Gettysburg, na lawama ile ikamfuata hadi kaburini mwaka 1904.

Ndiyo maana nasema, uzee wa jenerali aliyeshindwa ni uwanja wa pili wa vita, na huko anayeshinda ni yule anayewaambia watu wake wanachotaka kusikia.

Katika hadithi hizi zote mbili kuna mtu mmoja asiyekosekana. Kusini mwa Marekani ni mtumwa mwaminifu, aliyempenda bwana wake na kumfuata vitani. Kwa Wajerumani ni askari mwaminifu. Lettow na Schnee walimhitaji mtu huyu kuliko walivyohitaji bunduki, maana kama Waafrika walikufa kwa ajili ya Mjerumani kwa mapenzi, basi alinyang'anywa koloni kwa dhuluma. Sasa tutazame hesabu. Ngomano walivuka askari wapatao 1,700. Abercorn walifika 1,168. Kabla ya hapo maelfu walitoroka au walitekwa, na Waingereza waliunda kikosi kizima cha KAR, jeshi lao la Waafrika, kutokana na askari waliotekwa. Sisemi hawakuwa hodari. Walikuwa hodari, na walikuwa watu wa kazi wanaojua thamani ya mshahara wao, na mshahara ulipokatika wengi walifanya ambalo mimi na wewe tungelifanya.

Na mshahara ulikatika kweli. Mwaka 1917 Wajerumani walikuwa wakichapa noti za rupia porini kwa mihuri ya mpira ya kuchezea watoto. Mwisho hata hizo hazikuwapo. Askari walipowekwa kambini Tabora, na mafua makali ya 1918 yakiwaua wengi, walichokuwa nacho waliobaki ni vipande vya karatasi vyenye sahihi, vinavyosema wanaidai serikali ya Ujerumani kiasi gani. Miaka ya 1920 Berlin ilituma fedha za kulipa madai hayo. Waliokuwa na karatasi zao na waliopata habari walilipwa.

Mmoja aliyechelewa alikuwa Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, aliyeingizwa jeshini akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Akaambiwa muda umepita. Akabaki hukohuko, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akacheza katika filamu za kusifu ukoloni zilizomhitaji Mwafrika wa kusimama nyuma ya bwana. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Hakika, kama mnataka kumtazama askari mwaminifu alivyolipwa, mtazameni huyu. Leo mbele ya nyumba alimoishi Berlin kuna kibao kidogo cha shaba chenye jina lake.

Lettow alivipita Vita vya Pili vya Dunia pia. Wanawe wawili walifia huko, nyumba yake ya Bremen ikabomolewa kwa mabomu, na baada ya vita alikula vifurushi vya chakula alivyotumiwa na adui zake wa zamani, Jenerali Smuts na Meinertzhagen. Sikatai kwamba kuna uungwana hapo. Nakumbuka tu kwamba mtama na mihogo iliyolisha majeshi ya watu hao watatu ilitoka kwenye maghala ya Masasi, Lindi na Songea, na hakuna kifurushi kilichorudi.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 83, alikuja Dar es Salaam, na askari wazee wakajitokeza kumlaki. Mwaka uleule, katika mji uleule, Mwalimu Nyerere alichaguliwa kuongoza chama cha TAA. Lettow alirudi kwao akaandika kitabu kingine. Alifariki Machi 1964, akikaribia miaka 94. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliwasafirisha kwa ndege askari wawili wa zamani wahudhurie mazishi, na aliyetoa hotuba alikuwa waziri wa ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, mzaliwa wa Gare, Usambara.

Mwaka huo bunge lao liliamua kuwapa posho askari waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350, wachache wakiwa na zile karatasi. Wasio na karatasi wakapewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Hadithi hii hupendwa mno Ulaya. Mimi kila nikiisikia huwaza nauli: kutoka Newala hadi Mwanza ni kuikata nchi kona kwa kona. Na huwaza pia mzee wa miaka 70 anayelazimika kuchezeshwa kwata ya ufagio ili apate haki yake.

Wapagazi hawakupewa hata ufagio. Katika jeshi la Waingereza peke yake, makadirio ya wapagazi waliokufa hukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa kwa uangalifu hata huo. Wake wa askari na wanawake wengine waliotembea na jeshi lile kutoka hapa hadi Msumbiji na kurudi wanatajwa kwenye vitabu vya majenerali kwa mistari michache, na mara nyingi kwa kulalamikiwa kwamba wanachelewesha safari.

Huko Hamburg sanamu ya Wissmann, iliyokuwa imesimama Dar es Salaam kabla ya vita, iliangushwa na wanafunzi mwaka 1968. Kambi ya jeshi iliyoitwa jina la Lettow ilifungwa mwaka 1999. Wao wanaishughulikia historia yao, na waendelee. Sisi tuna kazi yetu, na si ya kungoja fedha za mfadhili.

Walimu wa historia wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu, ombi langu kwenu ni hili. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aende kwa babu au bibi yake na aulize nani katika ukoo alibeba mzigo, alitoka kijiji gani, alirudi au hakurudi. Aandike majina kamili, ya Kimakonde, Kiyao na Kimakua, kama yanavyotamkwa nyumbani. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Na wenye karatasi za zamani sandukuni, hata kama zimeliwa na mchwa, msizichome. Zileteni zipigwe picha, kisha mrudi nazo nyumbani.