Kuchagua Kamshafti ya Pikipiki ya Safari Ndefu: Mada kwa Mafundi na Waendeshaji wa Garissa



Nimeombwa nizungumze juu ya kamshafti: ipi ifungwe kwenye pikipiki inayotoka hapa Garissa kwenda Dadaab, Modogashe, Masalani au Nairobi, ikiwa mwenyewe anataka nguvu zaidi ya zile ilizotoka nazo kiwandani. Swali hili mara nyingi hujibiwa na muuza spea. Anatoa boksi lililoandikwa kuwa mali iliyomo ni ya mashindano, mteja analipa, fundi anafunga. Mimi nasema kamshafti ichaguliwe kwa kuangalia injini inafanya kazi kwenye mizunguko mingapi ikiwa imebeba mzigo wake wa kila siku. Ukishalijua hilo, mali nyingi ya mashindano utairudisha dukani kabla hujaifungua.

Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya 250 cc mwaka 2008, mashine hizi zimekuwa punda wetu na ngamia wetu. Zinaleta maziwa mjini, zinapeleka maji kwa mifugo, zinabeba wagonjwa, zinabeba mbuzi. Mtu anayepakia madumu manne ya lita 20 ya maziwa ya ngamia ameweka nyuma yake zaidi ya kilo 80 kabla hajapanda mwenyewe. Kisha anaingia kwenye mchanga wa laga. Hapo ndipo kamshafti yake inapojulikana.

Kazi ya nundu

Kwenye injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Safari ya Dadaab ni kama kilomita 100. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na injini ikawa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, utakapofika krenki itakuwa imezunguka mara 600,000 na kila nundu ya kamshafti imesukuma roka yake mara 300,000. Hiyo ni kwenda tu, na kinachotenganisha chuma na chuma wakati wote huo ni utando mwembamba wa oili.

Nundu inaamua mambo mawili: valvu inafunguka kwa milimita ngapi, na inakaa wazi kwa digrii ngapi za krenki. Kamshafti ya mashindano huongeza yote mawili. Wanunuzi huangalia milimita kwa sababu zinaonekana kwa macho, lakini kwa mtu wa safari digrii ndizo za kuogopwa zaidi.

Valvu ya kuingiza haifungi pistoni inapofika chini. Inachelewa kidogo makusudi, kwa sababu injini ikienda kasi hewa inayoingia ina msukumo na inaendelea kujaza silinda hata pistoni ikianza kupanda. Kamshafti ya mashindano inachelewesha zaidi huko kufunga. Kwenye mizunguko 8,000 hilo ni faida tupu. Kwenye 3,500, gia ya pili, tairi la nyuma limezama mchangani, hewa haina msukumo wa kutosha. Pistoni inapopanda inairudisha nje kupitia kabureta. Mgandamizo unapungua, injini inakohoa na kutema petroli kwenye filta, na mwendeshaji anaongeza resi na kushikilia klachi nusu. Baada ya mwezi analeta klachi imeungua, na hakuna anayekumbuka kuilaumu kamshafti.

Liko pia lile pishano, yaani kipindi kifupi ambacho valvu ya kutoa haijafunga vizuri na ya kuingiza imeshaanza kufunguka. Likiwa refu, injini haitulii kwenye saileni, na petroli mbichi hupotelea kwenye ekzosi. Kwa mtu anayevuka masafa yasiyo na kituo cha mafuta, petroli inayopotea hivyo inaweza kumlaza njiani.

Mizunguko yako iko wapi?

Chukua Boxer 150 ya Bajaj, maana tunaijua sote. Injini yake ni ya 144.8 cc. Nguvu yake ya juu kabisa iko kwenye mizunguko 7,500, lakini mvuto wake mkubwa, kama Nm 12, uko kwenye 5,000. Aliyeichora alijua itabeba watu wawili na gunia. Ukiifungia kamshafti inayouhamisha mvuto huo kuupeleka juu, umemnyima mwendeshaji sehemu anayoitumia kutwa, ukampa sehemu ambayo barabara ya Dadaab haimruhusu kuifikia. Kamshafti ya kumfaa, akitaka kuongeza, ni ile inayoinua valvu zaidi kidogo huku digrii zikibaki karibu na za kiwandani, na valvu ya kuingiza ikifunga mapema. Kama muuzaji hana karatasi ya digrii hizo, msinunue. Jina lililochapwa kwenye boksi si kipimo.

Wenzetu wa Marekani wanaosafiri na pikipiki kubwa za Harley-Davidson wamebishana jambo hili hili kwa miaka. Kampuni hiyo ilitumia kamshafti mbili kwenye injini ya Twin Cam iliyotoka na modeli za 1999, kisha ikarudi kwenye moja ilipotoa Milwaukee-Eight mwaka 2016, injini iliyoanza na 1,745 cc. Watengenezaji wa kamshafti za kubadilisha, kama S&S Cycle na Andrews, wana za kukimbia na za kuvuta, na kwa pikipiki nzito ya safari kamshafti ya kuvuta ndiyo inayofaa. Ikiwa mwenye zaidi ya 1,700 cc anachunga mvuto wa chini, sisi wenye 150 tuuchunge zaidi.

Zile pikipiki zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, iliyotoka miaka ya 1970 na kuigwa sana China, zina habari yake. Kamshafti yao imekaa chini, inasukuma valvu kwa fimbo, na nundu ni moja tu inayofanya kazi ya valvu zote mbili. Ukibadilisha umbo la nundu hiyo kwa ajili ya valvu ya kuingiza, umebadilisha na ya kutoa, utake usitake. Uhuru wa kuchagua ni mdogo mno. Mwenye mashine ya aina hiyo akija kwangu namshauri aweke sproketi ya nyuma yenye meno zaidi. Kutoka 42 hadi 45 anapata mvuto wa kama asilimia 7 kwenye tairi bila kufungua injini, na anachopoteza ni mwendo wa juu tu.

Tusisahau pia hewa. Garissa iko kama mita 150 juu ya usawa wa bahari, Nairobi iko karibu 1,700, na injini isiyo na taabo hupoteza takribani asilimia 15 ya nguvu huko juu. Pikipiki iliyowekewa jeti Nairobi ikishuka huku hukuta hewa nzito zaidi, hata tukitoa hesabu ya joto letu, kwa hiyo petroli inakuwa haba kwa hewa inayoingia. Plagi inageuka nyeupe na kichwa cha injini kinachemka. Kamshafti inayoingiza hewa zaidi huikuza shida hiyo, kwa hiyo anayebadilisha kamshafti aangalie jeti siku hiyo hiyo.

Kabla ya kununua, pima

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo pesa za watu wetu zinapopotea. Wengi wanaokuja wakitaka kamshafti ya nguvu wana kamshafti ya kiwandani iliyokwisha. Pikipiki ilikuwa ikivuta, imeacha kuvuta, mwenyewe anadhani inahitaji kitu kikubwa zaidi.

Chukua vernia. Pima nundu kutoka ncha yake hadi upande wa pili, kisha pima upana wa sehemu yake ya mviringo, utoe. Tuseme umepata 32.5 na 26.0: nundu inainua milimita 6.5. Linganisha na kitabu cha injini hiyo au na kamshafti mpya ya orijino. Ukikuta imepungua nusu milimita, valvu haifunguki inavyopaswa, na kamshafti mpya ya kawaida itamrudishia mteja nguvu anazozililia. Geuza nundu kwenye mwanga. Ncha nzima hung'aa sawasawa; iliyokwisha ina mstari butu na vishimo vidogo, na ukipitisha ukucha unakwama.

Tazama pia oili iliyotoka. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Tana yalipokata barabara ya Nairobi hapo Mororo, kuna waliolazimisha kuvuka. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na nundu zilizozunguka ndani ya uji huo haziponi. Mwaga, osha, kisha fungua ukague. Vumbi letu linalopita kwenye filta iliyotoboka hufanya kazi hiyo hiyo polepole.

Tapeti nazo zipimwe injini ikiwa baridi, kwa fila geji. CG125 inataka 0.08 mm kwenye valvu zote mbili. Mashine nyingine zifuate kitabu chao. Kukadiria pengo kwa kutikisa roka na kidole tuache kabisa. Pengo likiwa dogo mno valvu haikai kitako, inaungua. Likiwa kubwa valvu inachelewa kufunguka na nundu inagongwa kila mzunguko.

Ukiamua kuongeza

Usifunge kamshafti mpya juu ya roka kuukuu zenye mabonde; zitaitafuna. Hakikisha springi za valvu hazibanani koili kwa koili valvu inapofunguka mwisho. Kisha pima nafasi kati ya valvu na pistoni: bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga kichwa, zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili, fungua, ukate udongo na upime pale ulipobanwa zaidi. Ukiwa chini ya milimita 1.5 upande wa kuingiza au 2.0 upande wa kutoa, rudisha kamshafti dukani. Valvu ikigonga pistoni katikati ya Garissa na Modogashe, hakuna gereji ya kusukumia.

Pakeni oili nzito kwenye nundu kabla ya kufunga, na injini ikiwaka isiachwe kwenye saileni dakika zile za kwanza. Ishikeni kwenye resi ya wastani ili oili ifike juu. Mwageni oili hiyo mapema na mpime tapeti upya baada ya kilomita chache, maana vitu vipya hukaa.

Ombi langu kwa wenye gereji ni hili: mteja apewe karatasi yenye vipimo vya nundu zake, vya zamani na vya mpya, na tarehe. Atakayeifungua injini hiyo baadaye Wajir au Mandera ajue alipoachiwa. Baada ya chai tutafungua injini mbili zilizo mezani hapo nyuma, moja ya Boxer na moja ya CG, na kila mmoja wenu apime kwa mkono wake mwenyewe. Vernia ziko tatu, kwa hiyo tutagawanyika vikundi.