Shomoro Wawili na Mgonjwa wa Chini ya Nyumba (Dominika ya 12 ya Mwaka A)



Katika Injili ya leo, Mathayo sura ya 10, Bwana wetu anamtaja ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, yaani shomoro. Anatufundisha mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Baba wa mbinguni hapotezi hesabu ya hata mmoja wao, na kwamba sisi wanadamu twawapita shomoro wengi kwa thamani. Kwa miaka mingi nilihubiri jambo la pili na kuliruka la kwanza. Nitawasimulia jinsi nilivyosahihishwa.

Mwaka 2018, wakati wa majira ya joto, nilikwenda kushika nafasi ya paroko aliyekuwa likizoni katika mji mdogo wa Bavaria, Ujerumani. Dominika moja baada ya Misa, mama mmoja mjane aliyekaribia miaka 80 aliniomba niende kwake kumbariki mgonjwa. Nikachukua stola, kitabu na Mafuta ya Wagonjwa, nikamfuata. Tuliteremka ngazi mpaka chumba cha chini ya ardhi. Humo, ndani ya beseni jeupe, mlikuwa na kiumbe mwenye urefu wa shubiri moja hivi, mwenye miguu minne, mkia kama wa kambare, na matamvua yaliyotokeza nje ya kichwa mfano wa manyoya mekundu. "Ndiye huyu, Padre," akasema.

Kiumbe huyo huitwa aksoloti. Ni ndugu wa mbali wa chura, na asili yake ni maji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico. Huko kwao wamebaki wachache mno, ingawa tangu mwaka 1864, walipofikishwa Paris, wazao wao wameenea katika matangi ya vioo duniani kote. Muumba amempa jambo la ajabu: kwa kawaida hatoki katika hali ya kiluwiluwi, bali huzeeka akiwa vivyo hivyo, na akikatika mguu, huota mwingine. Lakini uzee haumwachi. Wengi huishi miaka 10 hadi 15, na huyu alikuwa na 14. Matamvua yake yalikuwa yamenyauka, kuvu nyeupe kama pamba ilikuwa imemshika upande mmoja, na chakula alikikataa.

Nakiri kwamba nilikasirika. Nilirudisha Mafuta mfukoni, nikamkumbusha kwa ukali Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inayofundisha kwamba si haki kuwatesa wanyama bure, wala kuwatumia fedha iliyopasa kwanza kupunguza taabu za watu, wala kuwapa upendo unaowastahili wanadamu peke yao. Sehemu ya mwisho niliitamka kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Mama yule hakubishana. Alinieleza kwamba mnyama huyo alikuwa wa marehemu mumewe. Mume alipopooza, yeye hakuwa na nguvu za kumgeuza kitandani; akapelekwa katika nyumba ya wazee, na huko akafariki usiku, peke yake. "Yule sikuweza kumwinua, Padre. Huyu naweza." Kisha akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikajibu kwamba yu hai, amepatwa na kiharusi, naye yuko kijijini pamoja na dada yangu. "Na nani anayemwogesha?" Dada yangu, nikasema. Mimi hutuma fedha kila mwezi.

Nilipanda ngazi bila kubariki kitu. Na kumbe Kitabu cha Baraka kina sala kwa ajili ya wanyama, niliijua, nikaizuia.

Kesho yake nilirudi. Magoti ya mama yule yalikuwa mabovu, basi kwa wiki tatu kazi ya maji ikawa yangu. Joto la mwaka ule lilikuwa kali, na aksoloti hustawi katika maji ya nyuzi 16 hadi 18. Yakipita 20 huanza kudhoofika. Tuligandisha chupa za maji katika jokofu, tukazielekeza moja moja ndani ya beseni. Maji yote yalibadilishwa kila siku, kwa maana taka za mnyama huyu hutoa amonia, nayo huunguza ngozi ambayo kwayo pia anapumua. Kwa ajili ya kuvu, daktari wa wanyama aliagiza aogeshwe kwa maji ya chumvi, dakika 10 tu. Mnaojua jinsi watoto wetu wanavyomwagia chura chumvi kwa mchezo mtastaajabu kusikia kwamba chumvi hiyo hiyo, kwa kipimo, ni dawa. Kisha tulimwekea kipande cha nyungunyungu mbele ya kinywa kwa koleo ndogo, tukangoja. Siku nyingine tulingoja nusu saa nzima, naye asile. Mama alisema neno moja tu: "Kesho."

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Tusiharakishe. Sisi Watanzania tunaye chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba. Mradi wa umeme ulipopunguza manyunyu ya maporomoko yaliyomlea, mamia walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wazao 100 wakarudishwa Dar es Salaam. Miaka hiyo yote palikuwa na mtu aliyewatilia maji.

Katekisimu siifuti. Wala mama yule hakuivunja: gharama yake kubwa ilikuwa chumvi, barafu na nyungunyungu wa bustanini. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba upendo ni mtungi, na kwamba kikombe akipewacho mnyama kimepunjwa kwa mwanadamu. Mimi sikufuga mnyama yeyote, na bado mama yangu hakuwa ameoshwa kwa mkono wangu hata siku moja.

Nilipoondoka, yule mnyama alikuwa hai, kuvu imepungua, lakini kula bado ni kwa kubembelezwa. Safari hii nilikuwa nimefungua Kitabu cha Baraka.

Likizo iliyofuata nilikwenda kijijini. Kwetu mwana wa kiume hamwogeshi mama yake, basi nikaomba nipewe miguu. Nikateka maji, nikayapima kwa kiwiko kama nilivyozoea, nikaona yanafaa. Mama akaurudisha mguu wake kwa haraka. Dada yangu akacheka: "Padre, hayo ni maji ya yule samaki wako. Ongeza ya moto." Nikaenda jikoni kuleta birika.