Si Kila Chama Ni Chama cha Ushirika

Maneno ya afisa wa ushirika kwa wakulima waliokusanyika Nunguni, Kilungu



Mkutano uliopita mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Alisema: "Kikundi chetu kina watu 23. Tunauza avokado pamoja, na pesa zinakaa kwa akaunti ya mwenyekiti. Je, sisi si ushirika?" Leo nimerudi na jibu. La, bado. Na tofauti hiyo inaweza kuwapotezea jasho la mwaka mzima.

Kufanya kazi pamoja si jambo geni kwetu. Matuta mengi mnayoyaona kwenye milima hii yalichimbwa na mwethya. Lakini mwethya hushikwa na kuaminiana. Pesa zenu zikiwa kwa jina la mwenyekiti, siku atakapofariki zitahesabiwa kuwa mali yake, nanyi mtabaki kutafuta mashahidi.

Sheria ya Vyama vya Ushirika, Nambari 12 ya mwaka 1997, inaeleza ushirika ni nini. Kwanza, lengo lake liwe kuinua maisha na mapato ya wanachama. Pili, sheria zake ndogo ziwe na kanuni saba: kujiunga kwa hiari, wanachama kuongoza kwa kura, kila mmoja kuchangia mtaji, chama kujitegemea, kutoa elimu, kushirikiana na vyama vingine, na kuijali jamii. Tatu, kiwe na watu wasiopungua 10, wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wanaofanya kazi ambayo chama kimeundiwa, na wanaoishi au walio na shamba katika eneo lake. Nne, kiandikishwe na Kamishna wa Ushirika. Bila hayo, hata kujiita "ushirika" katika biashara ni kosa.

Kikishaandikishwa, chama kinakuwa kama mtu mbele ya sheria. Kinanunua shamba na mashine kwa jina lake, kinashtaki na kushtakiwa. Viongozi wanakuja na kuondoka, chama kinabaki.

Wengine huuliza kama sheria hii ni ya Kenya pekee. Sivyo. Mwaka 1904 Waingereza walitunga sheria ya vyama vya ushirika vya mikopo kule India, na huko pia watu 10 walitosha kuanzisha chama. Sheria za namna hiyo zilienea katika makoloni yao mengine, hata huku kwetu. Ufilipino, kwa sheria ya mwaka 2008, wanataka watu 15. Indonesia, sheria ya mwaka 1992 ilitaka watu 20, na mwaka 2020 wakapunguza hadi 9. Tena sheria yao inasema ushirika umejengwa juu ya udugu, kama watu wa nyumba moja. Idadi zinatofautiana, lakini jambo moja halibadiliki: wenye mali ni wanachama, na mwanachama ana kura moja.

Hiyo kura moja ndiyo nataka mwende nayo nyumbani. Mwenye miti 20 ya kahawa na mwenye miti 2,000 wana kura sawa, hata kama mmoja ana hisa nyingi kuliko mwenzake. Tena hakuna mtu anayeruhusiwa kushika zaidi ya sehemu moja kwa tano ya hisa zote. Kamati iwe na watu kati ya 5 na 9, waliochaguliwa nanyi. Hesabu zikaguliwe kila mwaka na kusomwa mbele yenu. Mkiona mambo hayaeleweki, thuluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura mkutanoni inaweza kumwomba Kamishna afanye uchunguzi.

Lakini niseme ukweli. Cheti hakimzuii mwizi. Anayemzuia ni mwanachama anayehudhuria mkutano mkuu, akainua mkono na kuuliza: "Hii pesa ilienda wapi?" Mkikaa nyumbani siku ya hesabu, sheria yote niliyoieleza itabaki karatasi.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka kazi ya vyama vya ushirika mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo msiogope kuja katika ofisi ya ushirika ya kaunti ndogo. Njooni na orodha ya wanachama, mtueleze mnauza nini na mnataka kufika wapi. Tutakaa pamoja tuandike sheria ndogo, kisha tupeleke maombi kwa Kamishna.

Na wewe mama uliyeuliza, anza na jambo moja wiki hii: kaeni kikao mkubaliane jinsi ya kuzitoa pesa zile katika akaunti ya mtu mmoja.