Gurudumu Lisituchomoke Njiani

Pikapu inayopeleka maziwa na mahindi yetu Eldoret hubeba watu pia. Bolti moja ya gurudumu ikikatika, zilizobaki hubeba mzigo wake, nazo hukatika. Basi tusingoje.

Tulegeze nati gurudumu likiwa chini. Tuzibe magurudumu mengine kwa mawe, tuinue kwa jeki, tuweke na gogo imara chini ya chesi. Tukishatoa gurudumu na dramu ya breki, tugonge bolti mbovu itokee nyuma ya habu. Mpya iingie kutoka huko nyuma, meno yakae sawa, tuivute kwa nati na washa. Kuchomelea, hapana! Nati zikazwe kwa kupishana. Baada ya kilomita 50 hivi tukaze tena.

Bolti hununuliwa dukani. Mama wa watoto hanunuliwi.