Ua la Mlangoni: Maneno ya Fundi wa Nakshi
(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Mji Mkongwe, Unguja, jioni ya maonyesho ya sanaa)



Nimeombwa nieleze fundi wa nakshi hupata wapi mawazo yake. Nakiri kwamba ombi hilo lilinitia hofu, kwani mimi si msemaji. Nimezoea kuongea na mti, nao haujibu mpaka uukosee. Afadhali basi nieleze kazi moja tu, ile ya mlango wa ubavuni wa hekalu hili, ambao wengi wenu mmeupita leo bila ya kuutazama.

Mlango huo ni wa msaji. Mchwa walikuwa wamekula sehemu ya katikati ya kizingiti cha juu, palipokuwa na ua, wakaacha mzabibu unaolizunguka. Kamati ilikuwa na shauri la kuondoa kizingiti chote na kuagiza kingine kilichokatwa kwa mashine. Mashine ina haraka na bei yake ni nafuu, siidharau. Lakini niliomba tukiache kilicho kizima, nikapachike kiraka pale palipoliwa tu. Nikakubaliwa, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza, maana hakuna aliyekumbuka ua lile lilikuwaje.

Watu hudhani fundi huchonga ua. Sivyo. Ua hubakizwa. Nachora kwa penseli na bikari, kisha napiga patasi nje ya mstari, naondoa mti wote usio ua mpaka kile kilichosalia kisimame chenyewe. Ukikosea, mti haurudi. Ndiyo sababu mwalimu wangu alinikalisha mwaka mzima nikichonga mnyororo wa pembezoni mwa miimo, wala si kitu kingine. Wanaotembeza wageni huwaambia kwamba mnyororo ule ni ishara ya ulinzi wa nyumba, wengine husema utumwa, na samaki ni uzazi. Huenda. Mimi niliambiwa tu kwamba mnyororo humfunza mtu kugeuza mkono bila ya kupasua nyuzi za mti.

Nikachora yungiyungi langu la siku zote, la duara, petali zimetandazwa kama linavyoonekana kwa juu. Mama mmoja wa hekalu hili, aliyeniomba nisimtaje jina, akasimama nyuma yangu na sinia lake la sadaka. Akatazama kitambo, kisha akasema: “Fundi, zuri, lakini limelala. Letu hukaa wima. Lakshmi huketi juu yake.”

Nilinyamaza. Miaka thelathini nachonga yungiyungi, na sijapata kuliona la Bara Hindi likichanua juu ya maji. Nimelirithi mikononi mwa walionitangulia, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa Kachchh na Gujarat waliofanya kazi Unguja katika karne ya 19.

Alfajiri iliyofuata akaniita nimwone akichora rangoli. Aliweka nukta za unga mweupe sakafuni, safu kwa safu, kisha akaziunganisha, unga ukimtiririka baina ya kidole gumba na cha shahada. Hakupima kitu. Petali za nje zikainamia chini, za ndani zikasimama. Ilipofika saa nne, watoto wa chuoni walikwisha kupita juu yake, naye hakujali; mimi ndiye niliyesikitika. Kwake kosa hufutwa kwa upindo wa sari. Kwangu hubaki likitazamwa na wajukuu.

Siku chache baadaye mzee mmoja akaleta picha ya harusi iliyopigwa mbele ya mlango ule ule. Mji huu umejaaliwa wapiga picha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa mwaka 1930, na mengi tunayoyajua kuhusu sura ya mitaa yetu yamo katika picha za watu kama yeye. Mpiga picha haongezi kama mama yule, wala hapunguzi kama mimi. Huchagua pa kusimama, akangoja jua. Na aliyepiga harusi ile alingoja jua la ubavu, hata kivuli kikalala ndani ya kila alama ya patasi. Nikachukua kioo cha kukuzia. Ua lilikuwa la duara. Lilikuwa limelala.

Nilimwonyesha mama yule. Hakufurahi. Alisema labda fundi wa kwanza naye hakupata kuliona. Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo. Nimelichonga lililolala, kwa kuwa mzabibu ulioachwa na mchwa umezunguka duara, na ua la wima lingeukata. Kiraka changu kingali cha manjano kando ya msaji uliokwisha kuiva kwa moshi na miaka. Nimeombwa nikipake rangi kifanane, nimekataa.

Tangu siku hiyo, mama yule huchora yungiyungi lake la wima kila alfajiri, chini kabisa ya langu. Leo amekubali kulichora jioni pia, kwa heshima ya wageni. Basi mtakapotoka kwa mlango huo, inueni macho kwanza, kisha mchunge miguu.