Somo la Leo: Merikani

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni merikani.

Wazee wetu waliita merikani kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Katika karne ya 19 merikebu za Salem zilikileta Unguja, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Salem ni bandari ya jimbo la Massachusetts. Twende leo Lowell, mji wa jimbo hilo uliojaa viwanda vya pamba.

Kwanza tazameni maji. Mto Merrimack unaporomoka hapo kiasi cha futi 30. Mifereji ilichimbwa kupeleka maji viwandani. Maji yaligeuza magurudumu, magurudumu yakavuta mikanda, mikanda ikaendesha mitambo. Mifereji hiyo ingaliko.

Sasa ingieni kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Mitambo ya kufumia ikiendeshwa, watu wawili hawasikilizani. Wasichana kutoka mashambani walifanya kazi katika ngurumo hiyo zaidi ya saa 12 kwa siku, siku sita kwa juma. Kengele iliwaamsha, kengele iliwaingiza, kengele iliwatoa.

Karibu na kiwanda liko bweni. Mwaka 1836 malipo ya chakula na malazi yalipandishwa; wasichana wakagoma. Mwaka 1845 wafanyakazi walipeleka ombi kwa bunge la jimbo, siku ya kazi iwe saa 10. Walikataliwa. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipatikana mwaka 1874.

Lakini pamba haioti Lowell; kuna baridi kali. Ilitoka kusini mwa Marekani, na hadi vita vya 1861 hadi 1865 waliolima wengi wao walikuwa watumwa. Jasho lao lilikuwamo katika kila doti, ingawa kuta za Lowell haziwaonyeshi.

Viwanda vilipofungwa, majengo mengi yalibomolewa. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliyaweka yaliyobaki chini ya hifadhi ya taifa.

Huenda nawe hupita kila siku penye ghala kuukuu, stesheni ya reli au kiwanda cha katani. Usiulize tu nani alikuwa mwenye mali. Uliza pia nani alifanya kazi hapo, na alilipwa nini.

Zoezi: Mwulize mzee mmoja maswali hayo. Andika majibu yake kwa sentensi tatu, uyasome darasani.

Kwaherini.