Somo la Mto Gura



Nimeombwa niseme juu ya mapumziko yenye faida. Nami nitasema habari za kuvua trauti katika mto Gura, utokao milima ya Nyandarua. Samaki hao si wenyeji wa Kenya: mayai yao yaliletwa kutoka Uskoti, yakatiwa katika mto huo mwaka 1905, nao wakastawi, kwa kuwa hupenda maji ya baridi yaendayo kasi.

Mwezi wa Julai, wakati wa ukungu na baridi kali, nalikwenda huko na viatu vipya na ufito mpya wa kuvulia. Nalikuwa nimesoma kitabu kizima juu ya uvuvi. Mzee mmoja asiyejua kusoma akanikuta nikirusha mshipi tangu alfajiri, nisipate kitu. Akaniambia, "Mwanangu, mbona wabisha hodi kwa kishindo? Samaki huyu huelekeza kichwa kule maji yatokako. Mwendee kwa nyuma, polepole, wala kivuli chako kisianguke majini."

Nikaona haya, lakini nikatii. Nikavua viatu, nikapiga magoti katika umande. Kabla ya adhuhuri nikapata mmoja, mdogo. Mzee akanitazama tu, asiseme neno. Nami nikamrudisha mtoni.

Mzee yule amekwisha kufariki, wala sikumshukuru ipasavyo. Basi, ndugu zangu, katika ofisi zetu wamo matarishi na wazee walioanza kazi kabla yetu. Tuwaulize wangali wapo.